Kilio cha Shangazi

Simu ililia asubuhi, saa ya kazi nyingi, Dobi akiwa ameshika pasi ya mvuke mkono wa kulia na kola ya shati mkono wa kushoto. Akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Mwenzake wa meza ya pili, mama mnene mcheshi ambaye wateja walimwita Mama Kola kwa kuwa hakuna aliyemshinda kunyoosha kola, akamwambia, "Pokea bwana. Anayepiga hivyo ama ana njaa ama ana msiba."

Alikuwa na msiba.

Aliyepiga alikuwa mpambaji wa kituo cha televisheni, msichana ambaye kazi yake ilikuwa kumpaka mdogo wake Dobi poda na rangi mpaka ageuke Shangazi wa kwenye tamthilia. "Mama, njoo," alisema. Kisha akasema, "Njoo sasa hivi, mama. Nilidhani amesinzia."

Dobi alimkuta mdogo wake bado yuko kwenye kiti cha mbele ya kioo, taulo shingoni, kichwa kimeegemea nyuma. Taa zote za kioo zilikuwa zinawaka. Nyusi moja ilikuwa imekwisha kuchorwa, ile nyusi ndefu nyembamba ya Shangazi inayopanda juu kama inamdharau mtu. Ya pili ilikuwa bado. Mpambaji alikuwa amefika hapo ndipo alipoona mkono wa marehemu umeteleza kutoka kwenye kiti.

Dobi akaomba kitambaa chenye maji. Akaifuta ile nyusi taratibu, jinsi anavyotoa doa kwenye hariri, bila kusugua. Nje kwenye korido mwongozaji alikuwa anauliza kama onyesho la jikoni lingeweza kurekodiwa kwanza, lile ambalo Shangazi hayumo. Aliuliza kwa sauti ya chini, yenye heshima. Lakini aliuliza.

Dobi hakulia siku hiyo. Watu wakamsifu kwamba amejikaza, mwanamke wa chuma kama pasi yake. Hawakujua kwamba hakuwa na cha kulilia. Kilio chake kilikwisha kuchukuliwa zamani, na aliyekichukua ndiye huyo aliyekuwa kwenye kiti.

Mama yao alizaa watoto wawili, na kati yao palikuwa na mwanya mpana wa miaka. Mkubwa alipokuwa anakaribia kumaliza sekondari, mdogo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kufunga kamba za viatu. Baba alikuwa ametoka kwenda kutafuta maisha, na mpaka leo bado anayatafuta. Mama alipofariki, mkubwa aliweka madaftari chini akashika pasi. Akamlea mdogo wake kwenye chumba cha nyuma ya duka la dobi, chumba chenye joto la mvuke mchana kutwa na harufu ya sabuni iliyoingia hata kwenye mkate.

Jina la Kasuku alimpa yeye mwenyewe, kwa sababu mtoto yule hakuona mtu akapita bila kumwiga. Alimwiga mwalimu aliyetembea kama anakanyaga mayai. Alimwiga mwenye nyumba, ambaye alikuwa anakohoa kabla ya kubisha hodi ili wapangaji wapate nafasi ya kuogopa.

"Haya, niletee mwenye nyumba," dada yake alimwambia jioni, wakiwa wamekaa na chai yao. Mtoto alikwenda mlangoni, akakohoa, akatanguliza tumbo ambalo hakuwa nalo, na dada mtu akacheka mpaka akashika mbavu. Chumba kile hakikuwa na redio. Kasuku ndiye aliyekuwa redio.

Lakini anayefuga kasuku asishangae siku akisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye tundu.

Kasuku alipomaliza shule alijiunga na kikundi cha maigizo. Walizunguka kwenye kumbi wakiigiza juu ya usafi wa mikono na ubaya wa pombe, nusu ya wasanii wakiwa wamelewa. Kisha akapata tangazo la sabuni ya unga, ambamo alisema maneno machache na kuitabasamia shuka. Shuka yenyewe ilinyooshwa na dada yake. Kisha ikaja tamthilia.

Ilikuwa tamthilia ya familia tajiri inayoishi kwenye jumba la ghorofa. Jumba lenyewe lilikuwa kuta za mbao zisizo na dari, na ngazi yake ilipanda kidogo tu ikaishia hewani. Kasuku alipewa nafasi ya Shangazi, dada wa mwenye mali, mwanamke mwenye chuki moyoni na tabasamu usoni. Alikuwa bado kijana, wakamtia mvi na mikunjo. Aliambiwa Shangazi atafungwa jela baada ya miezi michache, naye atakuwa huru kutafuta kazi nyingine. Shangazi hakufungwa. Watu walimchukia sana, na mtayarishaji alijua thamani ya mtu anayechukiwa.

Siku hizo za mwanzo Kasuku alikuja dukani na karatasi zake za maigizo, akakaa juu ya kapu la nguo chafu, na Dobi akamsomea maneno ya watu wengine huku anapiga pasi. Dobi amekuwa kaka wa Shangazi, amekuwa wakili, amekuwa mlinzi wa getini.

"Dada, kaka gani huyu anayeongea kama anatangaza mnada?" Kasuku alimwuliza siku moja.

"Kaka yako ana rundo la mashati. Mtilie sumu upesi, nina kazi."

Taratibu Dobi alianza kumtambua Shangazi. Ule msonyo wa upande mmoja wa mdomo ulikuwa wake. Kuipangusa meza kwa kiganja kabla ya kusema neno baya, hilo pia lilikuwa lake. Na ile kauli ambayo watu walikuja kuivalia mpaka fulana, "Mimi sisemi, mimi naangalia tu," alizoea kumwambia Mama Kola kila siku ya Mungu. Hakujali. Nani asiyependa kujiona kwenye runinga, hata akionekana mbaya?

Kisha Shangazi akamwua kaka yake.

Jioni hiyo duka lilikuwa limejaa, maana runinga ya Dobi ilikaa juu ya rafu, mahali ambapo hata aliye nje aliiona. Shangazi alikuwa ametia sumu kwenye kikombe katika kipindi kilichotangulia, na watazamaji wote walimwona. Sasa jeneza lilikuwa sebuleni, na ndugu wamelizunguka. Shangazi akasogea. Kwanza alisimama kimya kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Akaweka mkono kichwani. Kisha sauti ikatoka chini kabisa, nzito, ikapanda polepole, ikavunjikia juu, ikashuka, ikapanda tena, na katikati yake maneno mawili tu: umeniachia nani, umeniachia nani.

Pasi ya Dobi ilibaki juu ya suruali ya mtu mpaka moshi ukapanda.

Dobi alikitoa kilio hicho mara moja tu maishani mwake. Ilikuwa kwenye korido ya hospitali yenye vigae vya kijani, siku daktari alipotoka akatikisa kichwa. Hakukipanga wala hakujua anacho. Kilimtoka jinsi damu inavyomtoka mtu aliyekatwa. Na sasa kilikuwa kinywani mwa mwuaji, mbele ya nchi nzima, juu ya jeneza ambalo ndani yake hamkuwa na mtu.

"Ona mnafiki huyu," Mama Kola alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Anajua kulia kuliko hata waliofiwa."

Kasuku alipokuja dukani, dada yake hakumkaribisha kiti.

"Kile kilio umekitoa wapi?"

Kasuku hakujifanya haelewi. "Mwongozaji alitaka kilio cha kweli, dada. Mimi nakijua kimoja tu."

"Ukakitafutia mwuaji."

"Nilikipeleka kazini."

"Siku ile alikufa mama, Kasuku. Si kaka wa kwenye mbao."

"Najua aliyekufa. Alikuwa mama yangu pia."

"Wewe ulikuwa mtoto wa kushika sketi. Ulijua nini?"

Kasuku akachukua mkoba wake. Yeye ambaye riziki yake ilikuwa maneno aliondoka siku hiyo bila neno.

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagikia barabarani. Mtayarishaji alikipenda kilio kile, akakiweka mwanzoni mwa kila kipindi, kabla ya muziki na majina. Watoto wakakiiga wakicheza. Watu wakakitia kwenye simu kama mlio. Mchekeshaji wa redio akakilia timu yake ilipofungwa. Haikuchukua muda ikawa kauli ya kila mtu: aliyejifanya kuumia uwanjani, aliyechelewa kazini akasingizia homa, mume aliyefumaniwa akaomba msamaha, wote waliambiwa wanalia kilio cha Shangazi.

Hata dukani kauli hiyo iliingia. Mama mmoja alikuja kuchukua blauzi yake, akaikuta imeungua begani. Dobi akamwomba radhi kwa moyo wake wote.

"Aa, dada, usinililie kilio cha Shangazi hapa," yule mama alisema. "Nitafutie blauzi yangu."

Foleni nzima ikacheka. Mama Kola naye alicheka, kisha akakumbuka, akainamia kola zake.

Ndugu hao hawakuvunja undugu. Damu ni damu. Kasuku, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa, alimleta binti yake wakati wa likizo, na alipopata nafasi alinunua pasi mpya za duka. Dobi akazipokea na kushukuru kama mtu anavyomshukuru mteja. Walizungumza habari za shule ya mtoto, paa linalovuja na shinikizo la damu. Wakifika karibu na tamthilia, mmoja wao alikumbuka kwamba ana safari.

Na maisha ya Kasuku watu waliyaona matamu kwa kuwa waliyaonja kwa macho. Mikataba ilimkataza kuonekana kwingine. Alipoomba ruhusa ya kucheza muuguzi kwenye filamu moja, akaruhusiwa, mwenye filamu ndiye aliyemkataa. "Ukiingia tu na sindano," alimwambia, "watu watajua ni sumu." Bibi mmoja alimzaba kibao kwenye foleni ya duka kwa sababu ya jinsi Shangazi alivyomtesa mke wa mpwa wake. Mumewe alivumilia, kisha akaondoka, akisema amechoka kuitwa mume wa Shangazi na wanaume wenzake wanaomwonya asinywe chai ya nyumbani.

Ugonjwa ulipoanza kumla, waandishi wa tamthilia waliona faida yake. Mwili uliokonda wa Kasuku wakampa Shangazi: wakaandika kwamba Mungu ameanza kumlipa. Wakamweka kwenye kiti cha magurudumu. Watazamaji walifurahi mno. Waliandika kwenye simu zao, safi sana, na bado, afe polepole. Kasuku aliyasoma. Alikuwa anakufa kweli, na nchi ilikuwa inashangilia.

Mara ya mwisho alikuja dukani amejifunga kitambaa, akaketi juu ya kapu la nguo kama zamani. Hakulibonyeza hata kidogo.

"Dada," alisema, "ile siku ya hospitali, unakumbuka mimi nilikuwa wapi?"

"Kasuku, nina kazi."

"Nakuuliza tu."

"Ulikuwa mtoto. Acha hayo mambo, kunywa dawa zako."

Kasuku akasema sawa. Akakaa kidogo, akitazama mvuke unavyopanda, kisha akaaga.

Siku ya maziko watu walikuwa wengi kuliko njia. Baadhi walikuja kumzika Kasuku. Wengi walikuja kuhakikisha kwamba Shangazi amekufa. Binti wa marehemu, msichana aliyekwisha kumaliza chuo, mtoto wake wa pekee, alisimama mbele akiwa amevaa miwani nyeusi. Dobi alisimama kando yake, kwa kuwa ndiye mama mkubwa, na baada ya hapo ndiye mama pekee aliyebaki.

Jeneza lilipoanza kushuka, Dobi alisimama kimya kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Mkono ukaenda kichwani, hakuupeleka yeye. Kisha kile kitu kikapanda kutoka chini, kizito, kikavunjikia juu, kikashuka, kikapanda tena. Umeniachia nani. Umeniachia nani.

Kisha nyuma huko mtu akacheka kwa pua.

"Anamwiga marehemu."

"Nani huyo?"

"Eti dada yake."

"Dada mtu, na analeta mzaha kaburini. Kweli mbaya wako ni wako."

Mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni akaitikia kwa kilio kilekile, maana alikijua vizuri, na watu wakashindwa kujizuia. Simu zikapanda juu ya vichwa kama majani. Binti wa Kasuku akageuka, akamshika Dobi mkono, akambana.

"Mama mkubwa, tafadhali. Si leo."

"Mwanangu, hiki ni changu."

"Ni cha mama. Mwache apumzike nacho."

Dobi akakimeza. Kilio si kidonge, hakishuki. Akasimama nacho mpaka udongo ukasawazishwa.

Baada ya hapo binti hakumpigia simu. Dobi alipompigia alijibu kwa adabu, shikamoo, sijambo, nitakuja, na hakuja. Picha za kaburini zilikuwa zimezunguka kila mahali, na chini yake watu wameandika maneno ya kumcheka dada mwenye wivu. Ndipo Dobi alipovaa gauni lake la heshima akaenda kituo cha televisheni. Alikuwa na ombi moja: wakitoe kile kilio mwanzoni mwa kipindi. Kikinyamaza, watu watakisahau. Wakikisahau, labda siku moja ataweza kumlilia mdogo wake bila kuchekwa, na yule binti wa Kasuku atamwamini.

Mtayarishaji alimpokea vizuri, akamwita mama, akamtafutia soda. Alikuwa mtu wa manukato na sauti laini.

"Kukitoa?" alisema. "Mama yangu, kile ndicho kipindi chenyewe. Watu wako jikoni, wakikisikia wanaacha masufuria. Unaniambia niondoe mlango nibaki na nyumba?"

"Ni changu."

"Ni cha marehemu, na alikitoa akiwa kazini."

"Alikichukua kwangu. Nilikilia siku alipokufa mama yetu."

Mtayarishaji akapumua. "Mama, usinielewe vibaya. Tangu tuzike, wewe ni wa tatu. Mpambaji anasema nyusi ni zake. Kuna jirani amekuja hapa kudai msonyo. Sasa mimi nitajuaje?"

"Nipe nafasi nilie. Utasikia."

Wazo hilo lilimpendeza kuliko Dobi alivyotegemea. Akampeleka kwenye chumba cha sauti, chumba kidogo chenye kuta za sifongo ambamo hata kukohoa kwako kunasikika kama kwa mtu mwingine. Fundi sauti, mwanamume mtulivu aliyefanya kazi na Kasuku tangu kipindi cha kwanza, akamsogezea kinasa sauti karibu na mdomo, akamwambia aanze atakapokuwa tayari.

Dobi alifumba macho. Akaitafuta ile korido, akavitafuta vigae. Akaona aibu, mwanamke mzima anaombwa kilio kama anavyoombwa kitambulisho. Lakini alitaka aaminiwe. Akalia.

Alipomaliza, fundi alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, ambapo vilio viwili vilikuwa vimelala kimoja juu ya kingine kama safu mbili za vilima.

"Kweli vinafanana," alisema. "Kupanda ni kulekule. Kuvunjika ni palepale. Huyu mama hasemi uongo."

Dobi akamgeukia mtayarishaji.

"Lakini si kimoja," fundi akaendelea. "Cha marehemu kina kitu ambacho cha mama hakina. Ngoja."

Akapunguza sauti nzito, akapandisha nyembamba, akakicheza tena cha Kasuku. Sasa ikasikika. Kila mahali ambapo kile kilio kikubwa kilisita kuvuta pumzi, palikuwa na kwikwi. Ndogo, nyembamba, ya haraka haraka, kama ya mtoto aliyelia mpaka machozi yakamwishia akabaki anashtukashtuka tu.

"Hii nilidhani ni kasoro," fundi alisema. "Nilitaka kuisafisha siku ileile tuliporekodi. Akanikataza. Akaniambia, ukiitoa hiyo utakuwa umenitoa mimi."

Dobi aliomba aisikie tena. Fundi akairudia.

Na korido ikaja yenyewe, bila kutafutwa. Kulikuwa na mtoto. Alikuwa ameshika sketi yake kwa mikono yote miwili, uso ameuzika pajani, na kitambaa kilikuwa kimelowa pale mpaka ngozi ikahisi ubaridi. Alikuwa anashtukashtuka. Mkono mmoja wa Dobi ulikuwa kichwani mwake mwenyewe. Mwingine hakukumbuka ulikuwa wapi. Haukuwa kichwani mwa mtoto.

Kumbe Kasuku hakuiba kilio cha mtu. Alikibeba cha wote wawili, kama alivyokisikia akiwa chini kule pajani, na nafasi yake mwenyewe akaitunza mle katikati ya pumzi za dada yake. Alikuja dukani kulisema hilo akaambiwa anywe dawa.

"Kwa hiyo unaona, mama," mtayarishaji alisema kwa upole, "si chako."

"Si changu peke yangu."

"Lakini sauti unayo. Nitasema ukweli, huyu Shangazi mpya tuliyempata analia kama paka. Ungekuja kumfundisha kidogo."

Dobi akachukua mkoba wake. "Akalie cha kwao," alisema.

Alipofika mlangoni alimsikia mtayarishaji akimwuliza fundi, "Hivi miaka yote hii mwanzo wa kipindi changu una kasoro?" Hakulitilia maanani. Alikuwa anafikiria jinsi ya kumweleza binti wa Kasuku.

Alimkuta kwenye nyumba ya mama yake, amekaa sakafuni kati ya masanduku, anakunja nguo. Alikuwa anazikunja vibaya, mikono ya blauzi ikining'inia. Dobi akakaa chini naye, akachukua moja, akaikunja, akachukua nyingine. Akamweleza yote tangu hospitali mpaka chumba cha sifongo. Binti alisikiliza huku akiendelea kukunja.

"Mama mkubwa," alisema mwishowe, "kila anayeingia hapa anadai kipande. Nyusi za huyu, msonyo wa yule. Wewe umedai kilio. Nikiwapa nyote, mama yangu atabaki na nini?"

"Ndilo nililokuja kukuambia. Ile kwikwi ni yake. Hakuiga kwa mtu."

"Kwikwi gani? Nimekisikia kilio hicho tangu nizaliwe. Hakina kwikwi."

"Ni ndogo, imejificha. Hata mimi sikuijua."

Binti akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya Kasuku, yenye kope nzito. Kwa mara ya kwanza tangu maziko alimtazama Dobi kama mtu anayetaka kuamini.

"Kitaanza sasa hivi," alisema, akanyoosha mkono kuchukua rimoti. "Tusikilize."

Wakasogea karibu na runinga, mabega yao yakagusana. Tangazo la magodoro likapita, likapita la mafuta ya kupaka. Dobi aliushika mkono wa binti ili ambonyeze kwikwi itakapofika, ajue ni pale.

Kilio kikaanza. Kikapanda, kikavunjikia juu, kikashuka. Ilipofika pumzi, palikuwa kimya. Kikapanda tena, na pumzi ya pili nayo ilikuwa kimya, safi, laini kama shuka iliyonyooshwa. Umeniachia nani, kikasema, kwa sauti ya Dobi tupu. Muziki ukaingia, majina yakaanza kupita, na jina la mwanamke mwingine lilikuwa pale lilipozoea kuwa la Kasuku.

Dobi alikuwa bado ameushika mkono wa binti. Hakuwa ameubonyeza.

"Mama mkubwa," binti alisema, taratibu, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa.

"Wameisafisha," Dobi alisema. "Nilikwenda kuwaomba wakitoe kilio, wakaitoa kwikwi."

Binti akasema sawa, mama mkubwa, imekwisha. Akaurudisha mkono wake, akaendelea kukunja nguo.

Tamthilia huonyeshwa kila jioni isipokuwa mwisho wa wiki. Kilio kipo mwanzoni, kabla ya majina, na mwenye kukilia pale sasa ni Dobi peke yake.